Paa la Mjane na Jina la Shamba: Hotuba kwa Abagusii wa Minnesota



Mwanamke asiye na makao katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya ni nadra kuonekana barabarani, kwa sababu hulala kwa dada yake au jikoni kwa muumini mwenzake, na hesabu ya wanaolala nje humpita. Huyu ni mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, mke aliyeachwa kabla ya mahari kulipwa, au bibi kizee aliyesingiziwa uchawi. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, zaidi ya 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na pale shamba la baba linapogawanywa kwa wana mpaka kila mmoja akabakiwa na kipande, mjane huanza kutazamwa kama mtu aliyekalia fungu la wengine. Hata tuhuma za uchawi, ambazo mwezi Mei 2008 zilisababisha watu 11 kuuawa kwa moto huko Kisii, na Oktoba 2021 wanawake wanne huko Marani, haziwezi kuchunguzwa vizuri bila kuuliza nani angebaki na shamba.

Makanisa ndiyo hufika kwanza. Akina mama wa Dorkasi, yaani kundi la Waadventista la kuwahudumia wahitaji, lenye jina la mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane nguo, pamoja na jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, ambazo ni vikundi vya majirani wanaosali na kusaidiana, huweza kujua nani amefungiwa mlango kabla chifu hajapata habari. Jumapili moja (Sabato ikiwa imekwisha pita) wanaume huchimba mashimo ya nguzo, wanawake hukanda udongo, mabati yaliyonunuliwa kwa michango ya M-Pesa hupandishwa, na mjane hukabidhiwa ufunguo. Kazi hiyo ni njema, lakini nyumba imesimama juu ya ardhi ambayo hati yake bado ina jina la babamkwe aliyekwisha fariki.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humpa mjane mwenye watoto vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyobaki, na kifungu chake cha 45 hufanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, kama shamba halikuwahi kuandikishwa kwa jina la mume, mirathi ya babamkwe hutangulia ya mume, na kila moja huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya linalowapa wapingaji siku 30. Mjane aliyepelekwa kwenye hifadhi mjini, hata kwa nia safi kabisa, huenda asiwepo siku majina yanapoandikwa, na shemeji wakasema alihama kwa hiari. Anayetishiwa kuuawa lazima aondolewe, kwani uhai hutangulia shamba, lakini kwa wengine wengi kitanda cha mbali ni msaada wenye gharama iliyofichika. Huko Nyamira kuna pia majani chai: namba ya mkulima kiwandani ikiwa ya marehemu, mjane huchuma mwaka mzima huku bonasi ikiingia katika akaunti asiyoweza kuigusa.

Kwa hiyo harambee za ughaibuni zingefaa zaidi kama fungu la mabati lingefuatana na fungu la kugharamia mirathi. Shemeji akipinga, mahakama huhitaji mashahidi, na shahidi anayefaa mara nyingi ni yule mama wa Dorkasi aliyeleta unga tangu siku za matanga, ambaye nauli yake ya kwenda Kisii mjini kamati ya harambee inaweza kuiweka kwenye bajeti.