Fosfeti Sahanini: Mifupa ya Mgonjwa wa Dialisisi Morogoro Mjini



Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine mara nyingi hulalamikia ngozi kabla ya mifupa. Anawashwa, anabadilisha sabuni, anaambiwa ana mzio. Huenda ni fosfeti iliyojaa kwenye damu, na mifupa imeshaanza kuharibika kimyakimya.

Figo nzima hutoa fosfeti kwa mkojo, tena hukamilisha vitamini D ili utumbo unyonye kalsiamu. Ndiyo maana jua la Morogoro, pamoja na ukali wake, halimtoshi mgonjwa huyu: ngozi inatengeneza, ini linaendeleza, kazi inakwama kwenye figo. Kalsiamu ikishuka na fosfeti ikipanda, tezi nne ndogo za shingoni humwaga homoni ya parathairoidi, nayo huchota kalsiamu mifupani. Mfupa unadhoofika, huku madini yakiganda kwenye kuta za mishipa na vali za moyo. Wengi wa wagonjwa hawa huangushwa na moyo, si na nyonga iliyovunjika.

Mashine haiwezi kumaliza kazi hii peke yake. Tuchukue mtu anayekula miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku, utumbo ukanyonya kama asilimia 60. Kwa wiki zinaingia 4,200. Saa nne za mashine huondoa takriban 800. Anayekuja mara tatu kwa wiki ametoa 2,400. Anayekuja mara mbili kwa sababu ya fedha ametoa 1,600 tu. Zinazobaki zinakwenda wapi? Na anayeomba kushushwa saa moja kabla ya wakati anajipunja zaidi, maana fosfeti hutoka taratibu kwenye seli na mifupa.

Hapo ndipo tunapokimbilia karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, na karatasi hiyo ndiyo ninayogombana nayo. Inaanza na maharage na dona, chakula cha kila siku cha watu wetu. Fosforasi ya nafaka na mikunde imefungwa ndani ya faitati, na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kutosha kuifungua, hivyo chini ya nusu ndiyo hunyonywa. Fosfeti iliyotiwa kiwandani kwenye soda za kola, soseji na nyama za kusindika hunyonywa karibu yote. Ukimnyima mtu maharage ukamwachia soseji, umemwondolea protini aliyoimudu na fosfeti umemwachia. Achemshe maharage kwa maji mengi, amwage maji hayo. Potasiamu nayo inapungua. Dagaa tunaowala na mifupa yao wanahitaji tahadhari zaidi. Perege aliyetolewa miiba ni afadhali, kwa kipande cha kiasi.

Togwa ni jambo jingine. Kimea na uchachu huvunja ile faitati, sifa njema kwa mtoto anayekua, lakini kwa mgonjwa wetu fosfeti iliyokuwa imefungwa inafunguliwa. Isitoshe, togwa ni maji, na maji ya mgonjwa huyu yamepimwa.

Vidonge vya kalsiamu kaboneti vitafunwe pamoja na chakula, ili vishike fosfeti tumboni. Akivimeza usiku tumbo likiwa tupu, kalsiamu inaingia kwenye damu na kuongeza mzigo wa mishipa. Vidonge vya madini ya chuma viwekwe saa nyingine. Dawa za kiungulia zenye alumini asizizoee: alumini hujikusanya mifupani na kwenye ubongo.

Lakini tusigawe kalsiamu na alfakalsidoli, dawa ya jamii ya vitamini D, kwa kubahatisha. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa 2017 unataka kalsiamu na fosfeti vipimwe kila mwezi 1 hadi 3, na homoni ya parathairoidi kila miezi 3 hadi 6, ikikubalika kati ya mara 2 na 9 ya kiwango cha juu cha kawaida. Kipimo cha homoni kikikosekana, alkalini fosfatesi ni bora kuliko kukisia. Alfakalsidoli hupandisha kalsiamu na fosfeti kwa pamoja. Kumpa mgonjwa ambaye fosfeti yake haijulikani ni kumwongezea hatari.

Pendekezo langu ni moja. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapa hapa mjini, na wataalamu wa sayansi ya chakula wapo. Tuwaombe wapime fosforasi ya vyakula vinavyouzwa Soko Kuu la Chifu Kingalu, kama vinavyopikwa nyumbani: maharage yaliyomwagwa maji na yasiyomwagwa, dagaa wa aina zote, dona, sembe na togwa ya siku ya kwanza na ya tatu. Karatasi ya ushauri tuiandike upya baada ya majibu hayo.