Kununua Motokaa Iliyoharibika Giaboksi

Mfugaji wa Garsen auzapo ng'ombe wake, au mkulima auzapo maembe yake, ili apate motokaa kuukuu, aghalabu huambiwa: "Injini ni nzima, ila giaboksi tu." Neno hilo "tu" ndilo ghali.

Kabla ya kutoa fedha, yampasa amwage mafuta ya giaboksi na ya difu mbele ya fundi wake mwenyewe, wala si wa muuzaji. Unga mwembamba wa chuma si ajabu katika gari la zamani. Lakini vipande vikionekana, huenda meno yamevunjika. Kisha aulize bei ya giaboksi nyingine huko Malindi au Mombasa, ujira wa fundi na gharama ya kukokota gari. Jumla ikikaribia bei ya motokaa nzima, na aiache.

Udongo wa bonde la Tana hunata wakati wa mvua na kuilemea difu. Tena mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara, hata magari mazima yasipite.

Lakini fremu ikiwa haina kutu, hati ikiwa na jina la muuzaji, na giaboksi nyingine ikiwa imekwisha kupatikana, na apunguziwe bei kwa kiasi cha matengenezo, ndipo alipe.