Cheche Iliyotangulia

Asubuhi hii tunataka kuwaeleza habari za gari la marehemu baba yetu, na jinsi sisi wanawe tulivyomfanya mama akose kupasuliwa jicho.

Gari lenyewe ni Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, ya aina iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka wa 1954, wa 1957 na wa 1962. Baba alilitunza kama mboni ya jicho. Alipofariki tulilirithi gari, lakini hatukurithi uangalifu wake.

Mafundi husema "taimingi", maana yake ni kupanga wakati wa cheche ya plagi. Petroli iliyochanganyika na hewa haiwaki yote kwa mara moja. Moto huchukua muda kuenea. Kwa hiyo cheche haina budi kutoka kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili nguvu ya moto iikute ikianza kushuka. Muda wenyewe ni mfupi mno: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sehemu ya hamsini ya sekunde. Cheche ikichelewa, gari huwa zito na hula mafuta. Ikitangulia mno, moto huipiga pistoni ingali inapanda.

Gari letu lilikuwa limeanza kuwa zito. Usiku wa kuamkia safari ya mama ya kwenda kutolewa mtoto wa jicho, siku aliyoingojea kwa miezi, tuliwasha injini, tukalegeza distribyuta na kuizungusha kwa mkono huku tukisikiliza. Kila tulipoisogeza mbele sauti ilichangamka. Tukakaza nati pale ilipotupendeza, tukapeana mikono, tukaomba, tukalala. Ndiyo, tuliomba! Kupima hatukupima.

Kesho yake, tukipanda kilima kutoka Mai Mahiu, watu wanne na mizigo, injini iligonga kama kokoto ndani ya mkebe. Feni ya gari hili ina kelele, nasi tulikuwa tukizungumza. Tulipotambua, moshi ulikuwa umekwisha kutanda nyuma. Pistoni ya silinda ya tatu ilitoboka. Katika injini hizi za zamani silinda hiyo hupata joto kuliko wenzake, maana kipoza mafuta huizuia upepo. Mama alikaa kando ya barabara, kitambaa kichwani, asiseme neno. Afadhali angetukemea.

Fundi mzee aliyeifungua injini alitufundisha bila haraka. Kwanza pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga ndani ya distribyuta: mwanya wake uwe milimita 0.4. Zetu zilikuwa zimekaribiana kwa kulika, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikichelewesha cheche. Mwanya hutangulia, kwa sababu ukiubadilisha baadaye unaharibu taimingi uliyokwisha kuipanga.

Kisha, injini ikiwa baridi, aliizungusha kwa spana upande wa saa mpaka alama ya puli ikalingana na mstari ambapo nusu mbili za injini zimeungana. Alama yetu ni ya digrii 7.5 kabla ya kilele. (Puli nyingine zina alama mbili au tatu, na distribyuta hazifanani, soma namba iliyogongwa juu yake kabla ya kuamini alama yoyote.) Rota nayo ielekee kijialama cha silinda ya kwanza kwenye ukingo wa distribyuta. Ikielekea upande wa pili, umeikuta silinda ya tatu. Zungusha injini mara moja tena.

Halafu akatwaa taa ndogo ya volti 12. Waya mmoja kwenye koili, pale unapotoka waya wa kwenda distribyuta. Wa pili kwenye chuma cha injini. Akafungua swichi bila kuwasha gari. Akazungusha distribyuta upande wa saa mpaka taa ikazimika, kisha akairudisha polepole, polepole, mpaka ikawaka. Hapo hapo akakaza nati. Akaigeuza injini nyuma kidogo na kuileta tena mbele: taa iliwaka alama ilipougusa mstari, si kabla, si baada. Ilikuwa mbali sana na pale masikio yetu yalipotupeleka.

Mama alipewa siku nyingine baada ya miezi mitano, na muda huo wote tulimshika mkono kwenda kanisani. Alfajiri ya safari ya pili alisimama mlangoni mwa gari, hakuingia.

"Leo mmepima na ile taa?"

"Tumepima, mama."

"Nani aliyeiona ikiwaka?"

Tukasema sote tuliiona. Akaingia, akafunga mlango.