Ruzuku ya Mbolea na Majira ya Mvua



Tangu Septemba 2022, pale serikali ya Kenya ilipoishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata ikaipunguza tena hadi 2,500, wakulima wa kaunti ya Trans Nzoia, ambayo mahindi yake hulisha sehemu kubwa ya taifa, wamepata nafuu ambayo si insafu kuidharau. Kwani wengi waliokuwa wakitia mbolea mistari michache na kuiacha mingine hivi hivi, sasa waliweza kulitimizia shamba zima haki yake.

Walakini fadhila ya hazina ya umma haipimwi kwa bei iliyotangazwa Nairobi, bali kwa gharama yote aliyoibeba mkulima hadi mbolea itue shambani. Mkulima hujiandikisha kwa chifu na kutaja ekari zake, hungoja ujumbe katika simu, hulipa, kisha huifuata mbolea kwenye ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao au kituo kingine kilichoidhinishwa. Kwa mwenye gari akaaye karibu na mji wa Kitale, safari hiyo ni nyepesi. Ama yule wa chini ya Mlima Elgon au wa vilima vya Cherang'any, ambaye haja yake ni mfuko mmoja tu, nauli ya kwenda, ujira wa bodaboda wa kurudi na mzigo, na kibarua cha siku nzima kilichopotea foleni, hivyo vyote huila ruzuku yake kabla hajaionja.

Tena lililo zito kuliko nauli ni wakati. Mahindi ya huko hupandwa masika yanapoanza, mwishoni mwa Machi na katika Aprili, na mbolea ya kupandia sharti iingie ardhini pamoja na mbegu; ikichelewa hadi Mei, hata ikitolewa bure, haitengenezi kilichokwisha kuharibika. Katika kuchelewa huko, mwenye akiba hununua dukani kwa bei ya soko, na fakiri, ambaye kwa ajili yake ruzuku ilibuniwa, hupanda bila kitu. Fauka ya hayo, mwaka 2024 ilidhihirika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango huu haikutimiza viwango, na imani iliyovunjika haijengwi kwa tangazo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: maghala yajazwe Februari, kabla ya wingu la kwanza, mbolea ipimwe kabla ya kupakiwa, si baada ya malalamiko, vyama vya ushirika vya vijijini vikabidhiwe mifuko, ili mwenye ekari moja asiifuate mjini, na orodha ya walioandikwa, ekari zao na mifuko waliyopewa, isomwe hadharani katika baraza la chifu, maana majirani wanajua nani analima na nani analima kwa kalamu.

Yakitimizwa hayo, shilingi 2,500 itakuwa bei ya kweli kwa kila mkulima. Yasipotimizwa, hazina itaendelea kuwasaidia zaidi wale waliokuwa na uwezo wa kujisaidia.