KIDONDA KISICHOPONA
Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa tawi



Kamati ya tawi imetuomba tuseme juu ya kansa ya ngozi. Tulipotaja habari hii katika gengi, watu kadha walicheka wakasema, "Hiyo ni ya Wazungu." Basi tuanze hapo hapo, maana neno hilo lina ukweli kidogo na hatari nyingi.

Ukweli wake ni huu. Weusi wa ngozi yetu huzuia sehemu kubwa ya ukali wa jua, hivyo kansa ile iwapatayo Wazungu usoni na mikononi kwa ajili ya jua ni adimu kwetu. Hatari yake ni kwamba mtu mweusi aonapo kitu katika ngozi yake hafikiri kansa, na miezi hupita. Kumbe kansa ya ngozi tunayo, ila kwetu hutokea zaidi mahali pasipotazamwa: chini ya wayo, chini ya ukucha, na ndani ya kovu au kidonda cha zamani.

Wengi wenu mnamjua Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika. Mwaka 1977 madaktari walikuta kansa chini ya ukucha wa kidole chake cha mguu. Yeye alikuwa mpenda mpira, na jeraha la kidole kwa mcheza mpira si ajabu. Walimshauri kidole kikatwe, hakukubali. Wakatoa ukucha na nyama iliyo chini yake tu. Kansa ikaenea mwilini, naye akafa tarehe 11 Mei 1981, mwenye umri wa miaka 36. Hatuwezi kuapa kwamba kidole kingemwokoa, lakini ugonjwa wenyewe ndio huo tunaousema.

Sasa tazameni miguu yetu sisi tunaofanya kazi juu ya kokoto na mataruma. Kucha hugongwa na nyayo huchubuka kila siku, na damu iliyovilia chini ya ukucha huwa nyeusi. Mtu atajuaje basi? Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na ukucha unapokua, mwisho hutoka. Alama ya kansa haitoki, huzidi kupanuka. Tena, mistari myeusi katika kucha nyingi ni kawaida kwa watu weusi, msiogope bure. Mwoneshe daktari mstari ulio katika ukucha mmoja tu, hasa wa kidole gumba cha mkono au cha mguu, unaopanuka, au weusi wake umemwagika kwenye ngozi ya kando, au ukucha unapasuka na kutoa damu bila kugongwa. Na baka lolote jeusi chini ya wayo au kiganjani linalokua au kubadilika, vivyo hivyo. Ukingoja mpaka mtoki uvimbe kinenani, huenda ugonjwa umekwisha safiri.

Jambo la pili ni makovu ya moto. Katika kazi ya reli hayakosekani: wazee wetu waliochomwa na mvuke wa injini za zamani, mafundi wa kuchomelea, wapishi wa kambi. Kovu kubwa la moto ambalo halikupona vizuri, au donda ndugu la mguuni lililokaa miaka, laweza kugeuka kansa, pengine baada ya miaka 20 au 30. Daktari Marjolin wa Ufaransa aliandika habari za madonda ya namna hii mwaka 1828, na hata leo hujulikana kwa jina lake. Dalili zake: kovu lililotulia linafunguka, kingo za kidonda zinainuka na kuwa ngumu, kinanuka, kinatoa damu kwa kuguswa tu. Twajua wenzetu wenye kufunga kidonda cha namna hiyo kwa kitambaa safi kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, wakaona ndiyo dawa. Kitambaa si dawa. Kidonda kilichokaa miezi mitatu bila kupona lazima kikatwe kipande kidogo kikapimwe. Wako wasemao kisu huamsha ugonjwa. Si kweli, kinachoueneza ni kuuacha.

Na jua? Kwa ndugu zetu wenye ualbino, jua ndilo adui mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 9,729 wa namna hiyo katika Kenya, na baadhi yao ni wafanyakazi au watoto wa wafanyakazi kama sisi. Kwao kansa huanza kama ngozi kavu yenye magamba au kidonda kidogo masikioni, shingoni, mdomoni, hata kabla ya utu uzima. Wanahitaji kofia yenye ukingo mpana pande zote (kapelo haifuniki masikio), mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua yanayopakwa tena kila saa mbili. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa mafuta hayo bila malipo, asiyejiandikisha aende. Na jua kali ni tangu saa nne mpaka saa kumi, hata kukiwa na mawingu. Baridi ya Timboroa isimdanganye mtu: kila ukipanda mita 1,000 mionzi ile huongezeka kiasi cha asilimia 10.

Hapa ndipo chama kinapoingia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya kila mfanyakazi kazini. Jua ni sehemu ya kazi ya gengi kama vile treni yenyewe. Kwa hiyo kamati itapeleka madai matatu: kofia pana kwa kila mtu wa njia, mwenye ualbino apewe kazi ya kivulini bila kupunguziwa mshahara, na mtu mwenye kidonda kisichopona apewe ruhusa ya kwenda hospitali bila kukatwa siku yake. Hilo la tatu ndilo tutakaloshikilia zaidi, maana wengi hawaendi kwa kuogopa kupoteza posho.

Wakati tukingoja jibu, jioni ya leo kila mtu avue viatu, aoshe miguu, atazame nyayo na kucha penye mwanga. Asiyeweza kuinama atazamwe na mke au mwenzake. Atakayeona alama tuliyotaja aje kwa katibu wa tawi Jumatatu kabla ya zamu, aandikiwe barua ya kwenda hospitali.