Fundi wa Friji na Vyeti Vyake

(Mazungumzo na mafundi vijana wa Waithaka)

Nimeitwa niongee juu ya kazi ya friji na viyoyozi, hasa mambo ya makaratasi, maana hapo ndipo wengi wetu tumekwama.

Nianze na yangu. Mwaka wa 2016 nilipata kazi ya kuweka viyoyozi 6 katika jengo la maofisi upande wa Upper Hill. Bei tulikuwa tumekubaliana, hata mabomba ya shaba nilikuwa nimeshanunua kwa pesa za mkopo. Siku ya pili msimamizi wa mjengo akaniuliza, "Fundi, cheti kiko wapi?" Nilikuwa na miaka 11 katika kazi, lakini cheti hata kimoja sikuwa nacho. Nilitolewa nje mbele ya vijana niliowaandika mwenyewe. Yale mabomba yalilala chini ya kitanda miezi 4. Mama watoto hunikumbusha mpaka leo.

Sasa, wengi hutafuta leseni moja ya friji. Hakuna ofisi moja utakayoingia utoke na kila kitu. Anzia NITA, kule Industrial Area, ile iliyokuwa ikiitwa DIT. Wanatoa mtihani wa ufundi, gredi ya 3, kisha ya 2, kisha ya 1. Huhitaji kuwa umepitia chuo. Hata uliyejifunzia kazi chini ya mti pale Dagoretti Corner unaweza kufanya mtihani huo, na wanaangalia mikono yako inafanya nini. Mimi nilianza hapo, nikiwa na mvi, nimekaa na watoto wa miaka 20.

Ukitaka kandarasi ya majengo kwa jina lako, kuna NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Makandarasi wamepangwa kutoka NCA 8, ambayo ni ya chini, mpaka NCA 1. Katika kampuni, angalau mkurugenzi mmoja awe na ujuzi wa kazi yenyewe. Kwa hiyo usidanganyike na mtu mwenye pesa anayetaka kampuni ya viyoyozi, halafu wewe mwenye cheti akufanye kibarua. Ujue thamani yako. Na leseni hulipiwa kila mwaka, usije ukasahau.

Kuvuta waya wa stima kutoka kwenye bodi ni jambo lingine. Hiyo ni leseni ya EPRA. Kama huna, shirikiana na fundi wa stima aliye nayo, mgawane malipo.

Hapa nitakaa kidogo, maana ni mambo ya uhai. Zamani friji zilitumia gesi ya R-12. Iliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi kama zetu ziliacha kuitengeneza na kuiagiza kufikia 2010. R-22 nayo inaondolewa kufikia 2030. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a, na hiyo ni jamaa ya gesi ya kupikia. Inawaka! Fundi amezoea kukata bomba na kuwasha moto wa kuchomelea papo hapo. Akifanya hivyo kwa R-600a ndani ya chumba kimoja pale Kawangware, mlango umefungwa, mtoto amelala kitandani, mnajua wenyewe. Soma kibandiko kilicho kwenye kompresa kwanza. Toa friji nje, ondoa gesi yote, ndipo uwashe moto. Kibandiko kikiwa kimebanduka, fanya kana kwamba inawaka.

Najua mtasema makaratasi ni pesa, na kwamba kuna wenye vyeti wasiojua kushika spana. Ni kweli, nimewaona. Ada zinauma mtu anayelipwa mia tano kwa siku, na mimi naona ofisi hizi zingetufuata huku mitaani badala ya kutungoja mjini. Lakini msimamizi wa mjengo hakungoja nimweleze hayo.

Kwa hiyo nashauri mfanye chama kidogo, kila wiki mtoe kitu, na kila msimu mlipie wawili mtihani wa NITA. Mimi nitawafundisha Jumamosi jioni bila malipo, mlete kompresa mbovu. Haya, yule kijana aliyeinua mkono tangu mwanzo, uliza.