Nyota Ifichwayo na Mwenzake

Wasikilizaji wetu, Kilimia twakijua sote, maana wakulima hukitazama wapate kujua majira ya kupanda. Kusini yake kidogo iko nyota hafifu, isiyoonekana ila kwa darubini, iitwayo V471 Tauri. Nayo si moja, bali ni mbili zizungukanazo kila saa 12 na nusu: moja ya rangi ya chungwa, na nyingine ndogo mno, nyeupe, yenye moto mkali. Wataalamu huiita kibeti cheupe.

Mwaka 1970 Nelson na Young walitangaza kwamba kila mzunguko hiyo ndogo hupita nyuma ya mwenzake, ikafichwa dakika 49. Lakini kutoweka kwake, tangu ukingo hata ukingo, huchukua kama dakika moja tu. Basi, mwendo ukijulikana na muda ukijulikana, upana nao hujulikana: wakaribia upana wa dunia yetu, na uzito wake wapata sehemu nane katika kumi za uzito wa jua!

Jua letu nalo, baada ya miaka milioni elfu kadha wa kadha, litakuwa kibeti cheupe. Tusidharau, basi, hesabu za shuleni. Kwa hizo twapima kitu ambacho jicho haliwezi kuuona upana wake.